Hifadhi za bahari zisiishie katika Gazeti la Serikali

Mbele ya pwani ya Ushongo, wilayani Pangani, umbali wa kilomita 8 hivi baharini, lipo fungu la mchanga liitwalo Maziwe. Maji yanapokupwa fungu hilo huonekana jeupe, limezungukwa na miamba. Yanapojaa, hasa nyakati za bamvua, hutoweka lote. Wazee wa pwani hiyo wanaikumbuka Maziwe nyingine. Kilikuwa kisiwa kamili chenye mivinje, na kasa walipanda ufukoni kwake kutaga kwa wingi uliowashangaza wataalamu. Miti ilikatwa, mawimbi yakaanza kuula mchanga uliobaki bila mizizi ya kuushika, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa hakikuwepo tena. Kasa, ambao hakuna aliyewaarifu, waliendelea kupanda pale pale. Mayai wanayotaga huko hufunikwa na maji na kuharibika yasipohamishwa, na wananchi wa Ushongo, wakisaidiwa na wahifadhi, wamefanya kazi ya kuyachukua kwa mashua na kuyafukia upya katika ufuko wa kwao.

Maziwe imo katika orodha ya maeneo tengefu ya bahari ya Jamhuri ya Muungano. Kisiwa kimekwenda, jina limebaki katika orodha. Hapo ndipo ilipo hoja ambayo watumishi wa Serikali, walimu na viongozi wa Chama katika wilaya zote za pwani wanapaswa kuitazama bila kupepesa macho: je, ni kipi kinacholinda bahari, tangazo au watu?

Nchi hii haikuchelewa kutangaza. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyo mbele ya jiji la Dar es Salaam, viliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1975, wakati ambapo mataifa mengi yalikuwa bado hayajafikiri kwamba samaki naye anahitaji mahali pa kupumzika. Hata kabla ya hapo, katika tamko lililotolewa Arusha mwezi Septemba 1961, ambalo lisichanganywe na Azimio la 1967, Mwalimu Julius Nyerere alikwisha kuiahidi dunia kwamba Tanganyika huru itawatunza wanyama wa porini na makazi yao kuwa ni amana. Ahadi hiyo ilitekelezwa kwa sifa kubwa katika nchi kavu. Serengeti ilipata askari, magari, redio na bajeti. Mbudya ilipata tangazo. Kwa karibu miaka 20 visiwa hivyo havikuwa na mlinzi wa maana wala chombo cha doria, na milio ya baruti ilisikika mchana kweupe hadi Kunduchi na Msasani, katika mji ambao wakati huo wizara, mahakama na makao ya polisi vyote vilikuwemo.

Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, namba 29 ya mwaka 1994, ilikuja kuirekebisha aibu hiyo. Mwaka uliofuata, 1995, ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, yenye eneo la kilomita za mraba 822 likikusanya ndani yake miamba, mikoko, majani ya bahari, visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, na vijiji vyenye watu wake na makaburi ya mababu zao. Zilifuata Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma mwaka 2000, kisha hifadhi ya silikanti mkoani Tanga mwaka 2009. Samaki huyo wa ajabu alidhaniwa na wataalamu kuwa ametoweka duniani kwa mamilioni ya miaka hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga, kuanzia mwaka 2004, walikuwa wakimtoa katika jarife zao na kushangaa ni nani huyu asiyelika.

Ni Mafia, hata hivyo, ambako somo lote limeandikwa, zuri na baya.

Yafaa ikumbukwe kwamba wananchi wa Mafia hawakuletewa hifadhi kama mzigo kutoka mbali. Wengi wao waliitaka. Waliitaka kwa sababu walikuwa wakishuhudia vyombo vyenye injini vikitoka bara, vikitega baruti juu ya miamba ambayo mababu zao walivua kwa mshipi na dema, na kuondoka vikiwa vimejaa kabla mwenye ngalawa hajatweka tanga. Kwao, hifadhi ilikuwa na maana moja iliyo wazi: Serikali itakuja kuwafukuza wezi.

Uvuvi wa baruti ni hujuma ya uchumi kwa maana kamili ya neno hilo. Chupa yenye mchanganyiko wa mbolea na mafuta, utambi na kiwashio, hutupwa mahali kundi la samaki lilipoonekana. Mshindo wake hupasua vifuko vya hewa vya samaki na kuvunja mifupa yao. Wachache huelea na kuokotwa. Wengi huzama, wakaoza huko chini bila kumfaidia mtu yeyote. Samaki wachanga, ambao wangekuwa kitoweo cha miaka miwili ijayo, hufa pamoja na wazazi wao. Lakini hasara kubwa zaidi haielei. Ni tumbawe lenyewe. Tumbawe si jiwe, ingawa shule nyingi zimewaacha watoto waamini hivyo. Ni jengo la viumbe hai wadogo mno, nalo huongezeka polepole. Matumbawe yenye matawi huweza kurefuka sentimita kadhaa kwa mwaka, lakini yale makubwa ya duara, ambayo ndiyo nguzo za mwamba, hukua kwa kiasi cha sentimita 1 tu. Bonge lenye kimo cha mtu mzima limechukua zaidi ya karne moja kufika hapo. Chupa moja hulisambaratisha kwa sekunde moja, na vifusi vinavyobaki hutembeatembea na mawimbi kiasi kwamba mbegu mpya za matumbawe hazipati mahali pa kushika. Yapo mafungu ambayo yalilipuliwa zamani na hadi leo ni kama uwanja wa kokoto.

Katika uchunguzi wa mwaka 2015, vyombo vya kunasa sauti vilivyokokotwa baharini nchini Tanzania vilisikia milipuko zaidi ya 300 katika muda wa mwezi mmoja hivi, na sehemu kubwa yake haikuwa mbali na Dar es Salaam. Si Kilwa kusikofikika, si mpakani. Jijini. Miaka iliyofuata, pale Polisi, Idara ya Uvuvi, mamlaka za wanyamapori na vyombo vingine vya dola vilipoacha kila kimoja kwenda kivyake na kuunda kikosi kimoja, na kosa hilo likaanza kushughulikiwa kama uhujumu uchumi badala ya kosa dogo la kulipa faini na kurudi baharini jioni, milipuko ilipungua kwa kiasi ambacho wavuvi wenyewe walikisimulia kwa furaha. Matokeo hayo yanafuta udhuru mmoja uliosemwa kwa miaka mingi, kwamba bahari ni kubwa mno na haiwezi kulindwa. Ililindwa ilipoamuliwa ilindwe.

Sasa yawapasa watumishi wa umma wajiulize wao walikuwa wapi katika miaka ile. Baruti haioti ufukoni. Viwashio hutoka katika shughuli halali za migodi, machimbo ya kokoto na ujenzi wa barabara, na kila sanduku lina hati, stoo, mlinzi na afisa wa kuthibitisha kwa saini yake. Kinachofika Mafia au Kigamboni kimepita kwanza mikononi mwa mtu mwenye mshahara. Vivyo hivyo, samaki wa baruti hauzwi gizani. Huuzwa mnadani, asubuhi, mbele ya bwana samaki. Mwenye ujuzi humtambua: nyama imelegea kabla ya wakati, uti wa mgongo umeachana, damu imevilia ndani. Na yule mnunuzi anayefurahia kitoweo cha bei nafuu na hataki kuuliza kimetoka wapi, mara nyingi ni karani, ni mwalimu, ni mke wa afisa. Ni rahisi kumlaani kijana aliyepoteza mkono kwa chupa iliyomlipukia. Ni vigumu zaidi kulilaani kapu la sokoni la nyumbani kwako.

Kadhalika kuhusu majengo. Pwani nzima inajua kwamba matumbawe huchimbwa na kuchomwa ili kupata chokaa, na kwamba tanuri la chokaa hula kuni nyingi, ambazo zamani zilitoka mikokoni. Kwa hiyo nyumba moja huweza kugharimu mwamba na msitu kwa pamoja. Boriti za mkoko nazo zina wateja wake. Mtumishi ambaye kutwa nzima anapiga muhuri barua za kuzuia ukataji wa mikoko, kisha jioni anakwenda kukagua kenchi za nyumba yake zilizotokana na mikoko hiyo hiyo, hana uso wa kumwamrisha mwanakijiji lolote.

Lakini haki ina pande mbili, na upande wa pili hausemwi vya kutosha katika ofisi. Wananchi wale wale wa Mafia walioitaka hifadhi wamekuwa, kwa nyakati mbalimbali, wakiilalamikia kwa uchungu, na Jibondo zaidi ya kwingine. Walitarajia ulinzi dhidi ya wageni wenye baruti. Wakakuta kwamba doria ilikuwa hodari zaidi wa kuyakamata majuya yao. Ni kweli kwamba juya la kukokota huharibu. Huburura majani ya bahari, hukusanya samaki ambao hawajafikia hata urefu wa kidole, na hakuna mtaalamu mwaminifu atakayelitetea. Lakini mtu aliyenyang'anywa juya leo anahitaji kula kesho. Mpango wa kubadilishana nyavu ukichelewa, mkopo wa injini ukienda kwa jamaa za wenye vyeo, na mipaka ya maeneo yaliyofungwa ikaelezwa mara moja tu katika mkutano ambao wanawake wanaochokoa pweza hawakuitwa, basi kinachozaliwa ni chuki, na mwenye chuki haendi kutoa taarifa anapouona mtumbwi wa mgeni usiku.

Wapo maafisa wanaoamini kwamba mvuvi ni mjinga wa uhifadhi. Kasumba hiyo ifutwe. Wavuvi wa Kisiwa Panza, huko Pemba, walikubaliana wenyewe kuufunga mwamba wao wa pweza kwa miezi michache, wakauwekea walinzi wao, na siku ya kuufungua wakavuna pweza wakubwa kwa furaha ya kijiji kizima. Hawakuhitaji shahada. Pweza huishi mwaka mmoja na ushei tu, na katika miezi michache uzito wake huongezeka mara kadhaa. Mvuvi anajua hivyo tangu utotoni. Alichokuwa hana ni uhakika kwamba akimwacha leo, jirani hatamchukua kesho. Uhakika huo ndio hasa kazi ya Serikali, kupitia vikundi vya usimamizi wa fukwe ambavyo sheria imevitambua, na ambavyo katika vijiji kadhaa vimeachwa bila mafuta ya boti, bila simu, na bila hata nauli ya shahidi kwenda mahakamani.

Liko pia suala la fedha, ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Watalii hulipa ada kuingia hifadhini. Wananchi wanajua kwamba hulipa, kwa kuwa huwaona wakilipa. Kama kijiji kinastahili mgawo wa mapato hayo, basi kiasi kilichokusanywa, kilichogawiwa na kilichotumika kibandikwe katika ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kwa tarakimu zinazosomeka. Zahanati iliyojengwa kwa fedha za bahari itajwe hivyo. Hili halihitaji sheria mpya wala semina. Linahitaji gundi na karatasi.

Wataalamu nao wana deni la kueleza jambo ambalo ramani hulificha. Mpaka wa hifadhi ni mstari wa binadamu, na viumbe havina habari nao. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hana madhara kwa mtu na hula vijidudu na kamba wadogo, hukusanyika upande wa magharibi wa Mafia mbele ya Kilindoni, hasa kati ya Oktoba na Machi. Huko ni nje ya mpaka wa hifadhi. Wanaoishi naye kila siku ni wavuvi wa dagaa, ambao nyavu zao na potwe hukutana juu ya chakula kimoja, na uhai wake unategemea subira yao pale anapoingia wavuni, kuliko kifungu chochote cha sheria. Nguva ana hali mbaya zaidi. Wachache waliosalia nchini wanaaminika kuwa katika maji yaliyo kati ya delta ya Rufiji na Mafia, wakila majani ya bahari; kila jarife linalotegwa hapo usiku bila mtu wa kulichungulia huweza kumzamisha, maana nguva hupumua hewa kama ng'ombe. Delta yenyewe hubeba karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Kamba na samaki wengi hulelewa kwenye mizizi yake. Mkulima anayefyeka mchu na mkandaa ili alime mpunga huko Rufiji anapunguza samaki wa mtu aliye Jibondo ambaye hatamjua kamwe, na afisa kilimo anayempongeza kwa kuongeza ekari hajakutana na afisa uvuvi mwenzake, ijapokuwa mara nyingine ofisi zao zimetenganishwa na ukuta mmoja. Mwaka 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa lilitambuliwa na mataifa kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mataifa yameona kuwa ni kitu kimoja. Kwenye mafaili bado ni vitu vitatu.

Na yako mambo ambayo doria haiwezi kuyakamata. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Mafia yakapauka na kufa bila kuguswa na chupa wala nanga. Joto la namna hiyo limerudi tena baada ya hapo. Chanzo chake kikubwa ni moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri, na wajumbe wa Tanzania wana haki ya kulisema hilo kwa ukali katika mikutano ya dunia. Ila mwamba usiolipuliwa, wenye samaki wa kutosha wa kula mwani unaotaka kuufunika, hupona upesi kuliko ule uliokwisha kujeruhiwa, na kwa hiyo kazi ya nyumbani haipungui hata kidogo kwa sababu ya makosa ya wengine.

Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu kulinda mali asilia ya Jamhuri ya Muungano. Haikusema kila mtu isipokuwa hakimu anayemwachia mlipuaji kwa faini ndogo kuliko thamani ya ndoo zake za samaki, wala isipokuwa diwani ambaye mashua iliyokamatwa ni ya shemeji yake. Viongozi wa Chama katika kata za pwani, ambao husimama majukwaani wakidai kura za wavuvi, wanafahamu kwa majina wenye vyombo katika maeneo yao. Hawawezi kusema hawajui.

Wajibu wa mwisho, nao si mdogo, ni wa walimu. Mtoto wa Utende au wa Kiegeani huchora tembo na twiga, ambao hajawahi kuwaona, na huwachora vizuri. Aulizwe kasa hutaga mayai mangapi, au kwa nini mchu una vijiti vinavyochungulia juu ya tope, na huenda akanyamaza, ingawa tope hilo liko nyuma ya darasa lake. Kasa wa Juani hutaga mayai yapatayo 100 na zaidi katika shimo moja. Yanaanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Vitoto vinavyoteremka majini huchukua miaka 20, 30 au zaidi kabla ya majike kurudi kutaga. Tangu mwaka 2001 wako wanakijiji wa Mafia ambao wamefundishwa kulinda viota hivyo, kuvihesabu na kuandika tarehe. Watu hao ni walimu wasio na chaki. Waitwe shuleni. Na mwalimu ambaye hana kitabu cha bahari asingoje kiletwe kutoka Dodoma; atazame mwandamo wa mwezi, achague siku ya bamvua ambayo maji yanakupwa mchana, awaombe akina mama wachokoaji wawili watangulie mbele, na awapeleke wanafunzi wa darasa la tano mwambani, wakiwa na viatu miguuni na daftari mkononi.